Kupungua Mwili Kando ya Ziwa: Chungu, Mlima na Jicho la Jirani

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Profesa Donald McLarty na wenzake waliwapima sukari watu wazima wa vijiji 6 vya Tanzania, baadhi yake vikiwa mkoani Mara, jirani na Mwanza. Wenye kisukari hawakufika hata mtu 1 katika kila 100. Mwaka 2012 utafiti wa kitaifa uliwapima watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ukakuta wenye kisukari ni 9 katika kila 100, na wenye presha ni 26. Umri wa waliopimwa na mbinu zilizotumika vilitofautiana, kwa hiyo si haki kudai kwamba kisukari kimeongezeka mara 9. Mwelekeo hata hivyo hauna ubishi, na mizani inasimulia jambo lile lile. Mwaka 2010 wanawake 22 katika kila 100 wa umri wa kuzaa nchini walikuwa na uzito uliozidi. Walipopimwa tena mwaka 2015 na 2016 walikuwa 28.

Swali la kupungua mwili limefika kwetu, basi, na limefika likiwa limevaa nguo za ugenini. Ushauri unaosambaa kwenye simu unataja oti, parachichi kila asubuhi, mashine za kukimbilia na vyakula ambavyo muuza genge wa Igoma hajawahi kuviona. Mtu wa Buzuruga anausoma, anaona haumhusu, anaendelea na maisha yake. Nataka kulichambua suala hili kwa mazingira ya Mwanza, kwa sababu naamini jibu lake liko karibu zaidi kuliko tunavyodhani. Liko kwenye chungu cha nyumbani kuliko kwenye uwanja wa mazoezi, na kinachotuzuia kulifikia si uvivu kama tunavyolaumiana.

Tuanze na kilichobadilika. Kuna utafiti uliowafuatilia watu waliohama vijiji vya Morogoro kwenda kuishi Dar es Salaam. Walipimwa kabla ya kuhama, wakapimwa tena baada ya mwaka mmoja mjini. Kwa wastani walikuwa wameongezeka zaidi ya kilo 2, na kazi nzito za mikono zilikuwa zimepungua sana katika maisha yao. Mwaka mmoja tu. Mwanza imekuwa ikipokea watu wa namna hiyo kwa miongo mingi, kutoka Magu, Kwimba, Misungwi, Sengerema na Ukerewe. Aliyekuwa akilima pamba na kutembea kilomita kadhaa kwenda mnadani sasa anakaa dukani Makoroboi tangu asubuhi, na jioni anapanda daladala au bodaboda hadi mlangoni. Sensa ya 2022 iliuhesabu mkoa huu kuwa na watu 3,699,872, na wengi wa wanaoishi mjini ni kizazi cha kwanza au cha pili kuishi kwa kukaa.

Upande wa chakula, mambo mawili yamefanya kazi kubwa: mafuta na sukari. Zamani mafuta ya kupikia yalikuwa kitu cha kupimiwa kwa kikombe. Leo dumu la lita 5 ni la kawaida katika nyumba ya mtumishi au mfanyabiashara mdogo. Tupige hesabu. Lita moja ya mafuta ina kalori zaidi ya 8,000. Nyumba ya watu 5 inayomaliza dumu la lita 5 kwa mwezi inampa kila mtu kalori zipatazo 275 kwa siku zitokanazo na mafuta ya kupikia peke yake, kabla hatujahesabu ugali, wali, nyama na chai. Nyumba hiyo ikishuka hadi lita 3, kila mmoja amepunguziwa kalori 110 kila siku, bila kulala njaa na bila kuacha chakula chochote anachokipenda. Soda ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 hivi au zaidi kidogo, yaani karibu vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku, na inapendeza zaidi ikibaki chini ya gramu 25. Chupa moja imekwisha kuuvuka mstari huo. Bia ya mililita 500 ina kalori 200 hivi, na anayekaa na nyama choma jioni mara chache huishia kwenye moja.

Halafu kuna chipsi. Sizisemi kwa dharau, kwa sababu kwa kijana aliyepanga chumba Nyegezi au Mabatini, asiye na muda wala jiko la maana, chipsi mayai ni mlo unaopatikana mpaka usiku, wa moto, wenye kushibisha. Tatizo lake ni kwamba viazi vimekaangwa kwa mafuta mengi, kisha vikamwagiwa mayai na kukaangwa tena, na kachumbari inayowekwa pembeni ni ya kuonja tu. Mlo wa namna hiyo kila usiku, ukifuatiwa na soda na usingizi, ndio unaojenga vitambi vya watu wenye miaka 30.

Wengi wakishajua haya wanakimbilia mazoezi. Hapo ndipo pana kosa ambalo nadhani linawakatisha tamaa watu kuliko kosa lingine lolote. Mtu wa kilo 80 akitembea kwa kasi saa nzima anatumia kalori 280 hivi, na sehemu yake angeitumia hata kama angekaa. Chapati moja kubwa yenye mafuta inakaribia kiasi hicho. Anayetoka kutembea kisha akajipongeza kwa chapati mbili na chai ya maziwa yenye sukari amerudi alipokuwa, pengine amezidisha, na baada ya miezi miwili atasema mwili wake ndivyo ulivyo.

Ushahidi mzito kuhusu jambo hili umetoka hapa hapa Tanzania. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, majirani wa Wasukuma wa Meatu, wanaishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, na kutembea ndiyo kazi yao ya kila siku. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kupima nishati ambayo miili yao inatumia kwa siku nzima. Walitarajia kiasi kikubwa kuliko cha watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda vitini. Walipozingatia ukubwa wa mwili, hawakuona tofauti ya maana. Inaelekea mwili unaofanya kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine. Wahadzabe si wembamba kwa sababu wanachoma nishati kupita watu wote duniani. Chakula chao kinawatosha bila kuzidi.

Je, hii inamaanisha mazoezi ni bure? Hapana kabisa, na mtu asiyatumie maneno yangu kama kisingizio. Mazoezi hushusha presha, husaidia misuli kuitumia sukari iliyoko kwenye damu, huimarisha moyo na mifupa, huleta usingizi mzuri, na humsaidia aliyekwisha kupungua asirudi alikotoka. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani lililohusisha watu 3,234 waliokuwa mlangoni mwa kisukari. Kundi moja lilielekezwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Hatari ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58 katika kundi hilo, wakati waliopewa vidonge vya metformini walipungukiwa kwa asilimia 31. Asilimia 7 kwa mtu wa kilo 80 haifiki kilo 6. Hakuna aliyetakiwa kuwa mwembamba kama mwanamitindo. Kilo 6 pungufu na matembezi ya nusu saa siku 5 za wiki zilishinda kidonge.

Na Mwanza ni mji wa kufanyia mazoezi, kama tungeuona hivyo. Anayeishi juu ya mawe ya Igogo, Mabatini au Bugando anapanda na kushuka mlima kila siku kwa miguu yake. Mama anayebeba ndoo ya lita 20 kwenye kilima cha mawe anafanya kazi ambayo kijana wa jimu angeitolea jasho la dakika kumi akaomba maji. Tunaiita shida, na shida ni kweli, lakini ni vizuri ajue kwamba moyo wake unafaidika. Anayeishi bondeni anaweza kushuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani. Barabara ya Capri Point asubuhi ina upepo wa ziwa na magari machache. Vikundi vya jogging vya Jumamosi vipo, na tangu Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan alipozindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi akiwa Makamu wa Rais, Jumamosi ya pili ya mwezi imetajwa kuwa siku ya mazoezi. Mara moja kwa mwezi haijengi mwili, ila inawaondolea watu aibu ya kuonekana barabarani na raba.

Aibu hiyo ni kubwa kwa wanawake kuliko tunavyokiri. Mwanamke wa miaka 45 anayekimbia Barabara ya Makongoro atatazamwa na kuchekwa, na njia za waenda kwa miguu zenyewe sehemu nyingi zimejaa meza za biashara na pikipiki. Halmashauri za Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela zina deni hapa. Mji usio na mahali salama pa kutembea unawaagiza watu wake wapande bodaboda. Kuogelea, ambako daktari wa nchi nyingine angekushauri mara moja, huku kunahitaji tahadhari, kwa kuwa maji ya kina kifupi ya Ziwa Victoria yana konokono wanaoeneza kichocho, na vimelea vyake hupenya ngozi ya anayeoga au kusimama majini. Afadhali ngoma. Anayewaona wachezaji wa bugobogobo wakirusha majembe kwenye sherehe za Bulabo pale Bujora, Kisesa, hahitaji kuelezwa kwamba dakika 30 za ngoma hiyo zinamtoa mtu jasho. Kwaya za kanisani na vikundi vya kina mama vya kuweka na kukopa vinakutana kila wiki. Vikianza mkutano kwa nusu saa ya ngoma, vitakuwa vimefanya zaidi ya jimu nyingi.

Nirudi kwenye chakula, maana uamuzi unafanyika huko. Kuna imani kwamba vyakula vya asili havinenepeshi, kwamba dona, ugali wa mtama au wa udaga unaweza kuliwa mlima mzima bila madhara. Si kweli. Gramu 100 za unga zina kalori kama 350, uwe wa sembe, wa dona, wa mtama au wa muhogo. Faida ya dona na mtama ni nyuzinyuzi zinazoshibisha mapema na kupandisha sukari polepole, na faida hiyo inapotea matonge yakizidi. Ugali uliopimwa kwa ajili ya babu aliyelima tangu alfajiri hauwezi kuwa kipimo cha mjukuu anayeuza vocha kivulini. Michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo Wasukuma walivihifadhi kwa ajili ya kiangazi, ni chakula bora kabisa cha asubuhi badala ya maandazi na chapati, hasa vikiliwa na karanga chache au maziwa mgando. Navyo vina wanga, kwa hiyo bakuli moja lisigeuke matatu.

Kitu ambacho ziwa limetupa, na ambacho watu wa mbali wanakinunua kwa bei kubwa, ni protini rahisi. Dagaa wakavu ni protini kwa zaidi ya nusu ya uzito wao, na wanaliwa pamoja na mifupa yao, hivyo mtu anapata na madini ya chokaa. Protini hushibisha kuliko wanga. Sahani yenye dagaa wa kutosha, mlenda au mgagani kwa wingi, na ugali wa ukubwa wa ngumi, humfikisha mtu hadi jioni bila kutafuta sambusa. Samaki huharibika tunapomzamisha kwenye karai la mafuta. Mapanki na sangara wa kukaanga wa soko la Mwaloni ni watamu, sikatai, lakini sato aliyechemshwa kwa nyanya, ndimu na pilipili ana ladha ya ziwa na hana mzigo wa mafuta.

Sato huyo mzima ana faida nyingine, ya miba. Mtu anayekula samaki mwenye miba analazimika kutazama anachokula, kuchambua, kutafuna, kutulia. Tumbo huchukua dakika 20 hivi kuufahamisha ubongo kwamba limeshiba. Anayemaliza wali na maharage kwa dakika 6 huku macho yakiwa kwenye simu anaongeza sahani ya pili kabla taarifa hiyo haijafika. Kula kwa uangalifu kunakozungumzwa na wataalamu wa lishe ni jambo hilo hilo: kaa chini, weka simu mbali, pakua mara moja, tafuna, simama katikati ya mlo ujiulize kama njaa ingalipo. Kula sinia moja ni desturi nzuri ya upendo, ila kuna mashindano ya kimyakimya ndani yake, na hakuna anayejua amekula kiasi gani. Anayetaka kupungua ajipakulie sahani yake, akae na wenzake vile vile, na asionekane kuwa anajitenga.

Hilo linanileta kwenye kizuizi ambacho vitabu vya lishe vya nchi za mbali havikitaji, nacho kwetu ni kikubwa. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera. Kabla ugonjwa haujaeleweka, watu wa huko waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa cha magendo kilichokuwa kikija kutoka Uganda. Upande wa pili wa mpaka uliitwa slim, kwa vile ulivyowamaliza watu mwili. Kwa miaka 20, mpaka dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, kando ya ziwa hili kukonda kulikuwa tangazo la msiba unaokuja. Kizazi kilichowauguza na kuwazika ndugu zake namna hiyo ndicho chenye miaka 50 na 60 leo, ndicho chenye presha na kisukari, ndicho kinachoambiwa na daktari kipungue kilo 6. Mtu wa kizazi hicho akipungua, jirani anamuuliza kwa huruma anaumwa nini. Shemeji anampigia simu. Sokoni wananong'ona. Mke aliyepungua anaulizwa kama nyumbani kuna amani, na mume mwenye mke mwembamba anaonekana hamtunzi. Sioni ajabu mtu anapoamua kubaki na kilo zake na kumeza vidonge vya presha kwa siri.

Hofu hiyo ilikuwa na sababu, na haifai kuwacheka walio nayo. Lakini wakati umebadilika. Wanaotumia dawa leo wana afya na nguvu, na dawa yenye dolutegravir inayotumika sasa imeonekana katika majaribio ya Afrika Kusini na Kameruni kuongeza uzito, hasa kwa wanawake. Kwa maumbile ya nje hakuna anayeweza kusoma damu ya mwenzake. Kupungua kunakostahili kumshtua mtu ni kule kusikotafutwa: kilo zinashuka na hakuna aliyebadili chakula, kuna kikohozi, homa za usiku, au kiu na kukojoa mara kwa mara. Hapo aende hospitali bila kuchelewa.

Kwa kuwa watu wanataka kupungua haraka kabla jirani hajauliza, wafanyabiashara wamejaa. Kuna chai za kuyeyusha tumbo, vidonge visivyo na lebo ya maana, mikanda ya kubana kiuno, maji ya ndimu na siki. Mkanda unatoa jasho, na jasho ni maji yanayorudi ukinywa glasi mbili. Chai nyingi za aina hiyo zina majani ya kuharisha. Vidonge ni hatari zaidi, kwa sababu katika nchi mbalimbali bidhaa zilizouzwa kama za mitishamba zimekutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo. Mwenye presha akiimeza bila kujua anacheza na kiharusi. Kasi ya busara ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, tena itapungua kadiri mwili unavyozoea, na wiki nyingine mizani haitasogea kabisa.

Nimesema jibu liko kwenye chungu, na chungu si cha mtu mmoja. Baba anaweza kuapa kuacha mafuta, lakini kama anayepika hakushirikishwa, mchuzi utakuja vile vile. Mama anaweza kutaka mboga nyingi, na mume akadai kwamba chakula kisichong'aa mafuta ni cha mfungwa. Nyumba hiyo hiyo inaweza kuwa na mtoto aliyedumaa, maana utafiti wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Huyo asipunguziwe kitu. Aongezewe dagaa, yai na maziwa. Mlo mmoja unaweza kuwafaa wote wawili, kwa kuwa kinachomnenepesha baba, yaani mafuta ya ziada, soda na mlima wa wanga, ndicho hicho hicho kisichomjenga mtoto.

Anza kwa kupima kiuno kwa futi ya fundi cherehani, usawa wa kitovu. Mwanamume aliyezidi sentimita 94 na mwanamke aliyezidi 80 wana sababu ya kwenda zahanati kupimwa presha na sukari. Kama tayari unatumia insulini au glibenklamidi, mwambie mganga kabla hujapunguza chakula, kwa sababu kula kidogo bila kurekebisha dozi kunaweza kuishusha sukari mpaka ukazimia. Na siku ya kwenda huko, nenda na mtu anayepika nyumbani kwako.